Binti anapoishi na bibi: Mzazi, unajua nani anamlea mwenzake?

Kila shule zinapokaribia kufunguliwa mwezi Januari, mabasi yaendayo mikoani huwa na abiria wa aina yake. Ni watoto wenye begi la nguo, godoro lililokunjwa na mfuko wa sukari na sabuni za bibi. Wengine wanarudi baada ya likizo, wengine wanakwenda kuanza maisha mapya katika mji ambao hawajawahi kulala zaidi ya wiki moja.

Sababu za safari hizo zinafahamika. Mama amepata kazi ambayo haimruhusu kukaa na mtoto. Ndoa imevunjika. Baba ameoa tena na nyumba mpya haina amani. Mzazi mmoja amefariki. Chumba kimoja cha kupanga hakiwezi kuchukua watu watano. Au binti ameanza kuchelewa kurudi nyumbani na wazazi wanaona kwamba kwa bibi atatulia.

Kwa familia nyingi uamuzi huu si wa aibu wala si wa uzembe. Bibi amelea Watanzania wengi, wakiwemo baadhi ya wazazi wanaosoma ukurasa huu. Shida haianzi siku mtoto anapopelekwa. Huanza miaka kadhaa baadaye, wakati mtoto amekuwa msichana mkubwa, bibi amezeeka, na makubaliano ya nyumbani yamebaki yaleyale ya siku ya kwanza.

Makubaliano ya miaka kumi iliyopita

Chukua mfano wa binti wa miaka 16, mwanafunzi wa kidato cha tatu, anayeishi na bibi mzaa mama katika mji mdogo kama Soni, uliopo njiani ukitoka Mombo kwenda Lushoto, mkoani Tanga. Ni mji wa milima, baridi kali mwezi Juni na Julai, na mashamba ya mboga ambazo nyingine huishia katika masoko ya Dar es Salaam. Stendi ni ndogo, maduka yanahesabika, na karibu kila mtu anajua binti wa nani amepita na nani.

Alipopelekwa alikuwa na miaka sita, bibi alikuwa na 61. Bibi alilima, aliuza mboga sokoni, alimbeba mjukuu mgongoni alipougua na alikwenda mwenyewe shuleni alipoitwa na mwalimu. Mama, aliyekuwa Dar es Salaam, alitakiwa kutuma fedha za matumizi na kuja sikukuu. Mpango ulikuwa mzuri na ulifanya kazi.

Leo bibi ana miaka 71. Magoti hayamruhusu kushuka bondeni. Ana shinikizo la damu na kisukari, na macho hayasomi tena maandishi madogo kwenye pakiti ya dawa. Binti ana nguvu, anajua kusoma, na ndiye pekee mwingine aliyemo ndani ya nyumba. Hakuna kikao kilichokaa kuamua, ila kidogo kidogo kazi zimehama kutoka mikononi mwa bibi kwenda mikononi mwa mjukuu.

Mama bado anasema, “Mwanangu analelewa na mama yangu.” Anaamini hivyo kwa dhati. Angekaa pale wiki moja ya kawaida, isiyo ya sikukuu, angeona kwamba mwanawe ndiye anayelea.

Hesabu ya saa

Mzazi aliye mbali huhesabu fedha kwa sababu ndiyo hesabu anayoiona kwenye simu yake. Ni vigumu zaidi kuhesabu saa, na saa ndizo zinazoonyesha hali halisi ya nyumba.

Binti wa mfano wetu anaamka saa 11 alfajiri. Anachota maji, anawasha moto, anachemsha chai, anafagia uwanja, anahakikisha bibi amekula na kumeza dawa. Anatoka saa 12:30 kwa sababu shule iko mwendo wa dakika 45 kwa miguu. Anarudi karibu saa 10 alasiri. Hapo kuna majani ya ng'ombe, kuni, maji tena, chakula cha jioni, vyombo, na maji ya moto ya kumkanda bibi miguu. Anapokaa na daftari ni usiku, na macho yameanza kufumba.

Kazi za asubuhi ni saa moja na nusu. Za jioni ni saa tatu na nusu. Jumla ni saa 5 kwa siku, saa 25 kwa siku tano za shule. Ongeza saa 6 za Jumamosi kwa kufua na kwenda shamba, na saa 3 za Jumapili. Zinafika saa 34 kwa wiki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida za mfanyakazi mtu mzima zisizidi 45 kwa wiki. Binti huyu yuko pungufu kwa saa 11 tu, na bado ana shule ya kutwa ndani ya siku hizohizo.

Hakuna ubaya mtoto kufanya kazi za nyumbani. Kuchota maji, kupika na kulima ni sehemu ya kukua, na binti asiyejua kushika jembe wala mwiko hupata tabu ukubwani. Swali ni kiasi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inayomtambua mtoto kuwa ni mtu aliye chini ya miaka 18, inamtaka mzazi au mlezi kumpatia mtoto chakula, malazi, mavazi, matibabu, elimu, na pia nafasi ya kucheza na kupumzika. Hiyo ya mwisho ndiyo hupotea ya kwanza katika nyumba ya bibi mgonjwa.

Anachokitoa bibi hakinunuliki

Kabla mzazi hajakimbilia kumrudisha binti mjini, ni vyema akumbuke kile ambacho bibi anampa.

Katika miaka ya 1980, mtafiti Kristen Hawkes wa Marekani na wenzake walikaa na Wahadzabe karibu na Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania. Waliona kwamba wanawake wazee, waliokwisha kupita umri wa kuzaa, walitumia muda mwingi kuchimba mizizi ya chakula. Mama alipokuwa na mtoto mchanga na hawezi kuchimba sana, ukuaji wa mtoto wake mkubwa ulitegemea kazi ya bibi. Kazi hiyo ilizaa hoja inayojadiliwa hadi leo na wanasayansi: kwamba huenda mwanadamu huishi miaka mingi baada ya kuacha kuzaa kwa sababu bibi alikuwa na kazi muhimu ya kulisha wajukuu.

Hata asiyejua utafiti huo anajua ukweli wake. Kwa bibi, mtoto hujifunza lugha ya kwao, mipaka ya shamba, nani ni ndugu na kwa nini. Katika makabila mengi ya Tanzania bibi na mjukuu ni watani. Bibi humwita mjukuu wa kike “mke mwenzangu” na humwambia mambo ya mwili, ya wanaume na ya ndoa ambayo mama angeona haya kuyatamka. Binti anayeanza hedhi akiwa na bibi wa namna hiyo ana bahati.

Kwa hiyo kumhamisha si dawa ya kila nyumba. Mjini kunaweza kuwa na chumba kimoja, baba wa kambo asiyemzoea, na shule yenye msongamano. Kwa aliye kidato cha nne kuna ugumu zaidi, kwani usajili wa watahiniwa wa mtihani wa taifa hufanyika mapema na mtihani wenyewe huwa Novemba. Na bibi akibaki peke yake, nani atampikia? Katika nyumba nyingi kinachotakiwa ni kupunguza mzigo, si kuvunja nyumba.

“Hatujambo” inayoficha mengi

Mzazi anapopiga simu jioni, mazungumzo huwa yaleyale. Shikamoo mama. Marahaba, hatujambo, mtoto hajambo, anasoma. Kisha simu inapewa binti. Shikamoo mama. Marahaba, shule vipi? Nzuri. Bibi hajambo? Hajambo. Dakika nne zimekwisha na kila mmoja amesema kwamba mambo ni mazuri.

Bibi ana sababu ya kuficha. Akisema kwamba anaanguka, au kwamba usiku alizidiwa na mjukuu akakesha naye, anaogopa watamchukua mtoto na yeye atabaki na kuta. Anaogopa pia kuonekana mzigo kwa mwanawe ambaye naye anahangaika mjini.

Binti ana sababu yake. Akisema amechoka, itaonekana anamsema bibi aliyemlea. Akisema amekuwa wa mwisho kwenye somo la hesabu, ataulizwa kwa nini wakati kila kitu analipiwa. Tena simu inayotumika ni ya bibi, yenye tochi, na bibi yuko palepale kwenye kigoda anasikiliza.

Ndiyo maana swali la “mnaendeleaje?” halimletei mzazi habari. Maswali madogo yenye majibu ya moja kwa moja huleta: Leo umefika shule saa ngapi? Jana ulilala saa ngapi? Nani alimpeleka bibi kliniki mwezi huu, na ilikuwa siku ya shule? Siku ngapi hukwenda shule mwezi uliopita? Aliyekosa siku nne katika mwezi kwa sababu ya kliniki, dawa na shamba, atakosa siku 40 katika miezi kumi ya masomo. Hizo ni wiki nane za shule.

Fedha nazo zina siri yake. Katika nyumba nyingi za aina hii binti ndiye anayejua namba ya siri ya simu, ndiye anayekwenda kwa wakala, na ndiye anayegawa: dawa kwanza, unga, mafuta, daftari mwisho. Mtoto wa miaka 16 amekuwa mweka hazina wa familia. Fedha ikichelewa wiki mbili, ndiye anayekwenda dukani kuomba mkopo kwa jina la bibi. Hapo ndipo mlango wa hatari unapofunguka.

Mwanaume mwenye msaada mdogo

Hatari kubwa kwa binti wa mji mdogo mara nyingi haiji kwa vitisho. Inakuja kwa msaada. Ni lifti ya bodaboda siku ya mvua, vocha ya shilingi mia tano, chipsi, pedi alizokosa mwezi huo, au mkopo wa dukani ambao mwenye duka anasema usilipwe. Binti anayebeba nyumba peke yake humwona mtu huyo kama wa kwanza kumjali.

Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 nchini walikuwa wamewahi kupata ujauzito. Ni zaidi ya mmoja katika kila watano. Bibi mwenye miaka 71 anaweza kuonya na kufundisha, lakini hawezi kumfuata binti njiani wala kujua anachati na nani.

Sheria iko wazi. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yanaweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba au kumuoa mwanafunzi wa msingi au sekondari. Na tangu Novemba 2021 Serikali ya Tanzania imeruhusu mwanafunzi aliyekatiza masomo kwa sababu ya ujauzito kurudi shuleni baada ya kujifungua. Binti ajue yote mawili. Anayejua kwamba maisha hayaishii pale huwahi kusema. Asiyejua huficha hadi inapokuwa hatari kwa uhai wake.

Wa kuwaendea wapo: mwalimu wa malezi na unasihi shuleni, ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri, Dawati la Jinsia na Watoto polisi, na Simu ya Mtoto namba 116, ambayo haitozwi malipo. Namba hiyo iandikwe ndani ya jalada la daftari lake.

Mambo ambayo mzazi anaweza kuanza nayo mwezi huu

Kununua saa. Kabla ya kuongeza fedha za matumizi, mzazi atazame ni kazi gani inaweza kulipiwa ili binti apumzike. Kijana wa jirani anaweza kuleta madumu ya maji na mzigo wa kuni kila wiki. Mama wa jirani anaweza kuja kufua mara moja kwa wiki. Kama nyumba ina ng'ombe, pengine wakati umefika wa kumkabidhi kwa ndugu na kugawana maziwa. Kazi mbili zikiondoka, binti anapata saa mbili za kusoma kukiwa bado na mwanga.

Kumtafuta mtu mzima wa tatu. Lazima awepo mtu mwenye nguvu, anayeishi karibu, ambaye binti anaweza kumgongea saa nane usiku bibi akizidiwa. Awe mjomba, shangazi, jirani au mzee wa msikiti au kanisa, mzazi azungumze naye waziwazi na akubali. Binti asiachwe kuamua mwenyewe kama bibi apelekwe hospitali au asubiri kukuche.

Kumfundisha dalili chache za ugonjwa wa bibi. Mgonjwa wa kisukari anayetumia dawa akianza kutoka jasho, kutetemeka na kuchanganyikiwa, huenda sukari imeshuka. Akiwa bado anaweza kumeza, apewe haraka kitu chenye sukari, kisha apelekwe kituo cha afya. Uso ukipinda upande mmoja, mkono ukikosa nguvu au maneno yakiwa hayaeleweki, hizo ni dalili za kiharusi na safari ya hospitali ianze wakati huohuo. Anayejua dalili hizi hupungukiwa hofu, na hofu ni sehemu ya mzigo anaoubeba.

Kufuatilia haki ya bibi. Wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo hutambuliwa na halmashauri ili watibiwe bila malipo, na vituo vingi vina dirisha la wazee. Familia isiyo na kipato iulize pia serikali ya mtaa au kijiji kuhusu utaratibu wa TASAF. Shughuli hizi zifanywe na mtu mzima. Zisiwe sababu nyingine ya binti kukosa shule.

Kuweka karatasi sawa. Cheti cha kuzaliwa kipatikane mapema kupitia RITA. Binti akifika hatua ya kuomba mkopo wa elimu ya juu, Bodi ya Mikopo hutaka cheti hicho, na kwa aliyefiwa na mzazi hutaka cheti cha kifo. Wajukuu wengi hugundua pengo hili wakati dirisha la maombi limebakiza siku chache, na bibi hajui karatasi ziliwekwa wapi. Shule nayo iwe na namba ya simu ya mzazi mwenyewe, ili mwalimu akikosa kumwona binti darasani ampigie aliye na uwezo wa kuuliza.

Kwenda siku isiyo ya sikukuu. Krismasi na Idi nyumba hujaa watu, kuku huchinjwa, binti huvaa gauni jipya na hakuna anayeona chochote. Siku tatu za kawaida, katikati ya muhula, humfundisha mzazi zaidi ya simu za mwaka mzima. Aende shuleni. Aangalie madaftari. Akae na bibi peke yake, kisha atembee na binti hadi kisimani peke yao. Huko njiani, bila kigoda cha bibi pembeni, ndiko binti husema.

Swali ambalo hakuna anayetaka kuliuliza

Lipo jambo moja ambalo familia nyingi hulikwepa kwa heshima. Bibi hataishi milele, na binti anajua. Analiwaza kila bibi anapokohoa usiku. Hajui kama siku hiyo ikifika atakwenda kwa mama, kwa mjomba, au atabaki katika nyumba ambayo ndugu wameanza kuigombania. Hajui kama atamaliza shule.

Kulijadili si kumtakia bibi mabaya. Wazee wengi wako tayari kulizungumza kuliko watoto wao, na wengine wamekuwa wakisubiri tu waulizwe. Mzazi akae na bibi na binti pamoja, aseme wazi: ikitokea, utakuja kwangu, au utakaa kwa shangazi hadi umalize mtihani, na ada ya mitihani, nauli na matumizi yako yatatoka hapa. Sentensi hizo chache humwondolea mtoto mawazo ambayo hakuna fedha ya simu inayoweza kuyaondoa.

Kwa wale ambao wazazi wa binti wamefariki, jukumu hili ni la mjomba, shangazi na ndugu wengine waliosema msibani kwamba “mtoto ni wetu sote”. Mtoto wa wote huwa rahisi kuwa wa bibi peke yake. Ndugu hao waandike nani atalipa nini, nani atakwenda mkutano wa wazazi shuleni, na nani atapigiwa simu usiku.

Jioni ya leo mzazi aliye mbali anaweza kuanza na hatua ndogo. Apige simu kama kawaida, amwamkie bibi, aulize dawa zimebaki za siku ngapi. Kisha amuulize binti jana alilala saa ngapi, na asikate simu kabla hajapata jibu.